Kisa cha familia tuliyoituma Malawi: tulihesabu waliobatizwa, hatukuuliza wanapikia nini

Kabla hujaanza kusoma

Mimi ni katibu wa kamati ya umisheni kwenye kanisa moja hapa Dar, miaka tisa sasa. Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya familia yenyewe, wamekisoma kwenye simu wakanirudishia na marekebisho yao, Mama alifuta sehemu mbili na sikumuuliza kwa nini. Majina nimetoa yote, kanisa silitaji, mji waliokuwa wanaishi nitasema tu ni kusini mwa Malawi, na vitu vidogo vidogo ambavyo vingemfanya mtu awatambue nimevibadilisha. Baba nitamwita Mwinjilisti maana ndivyo tulivyomwita siku zote, mkewe nitamwita Mama, watoto ni binti wa kwanza, mvulana wa pili na mdogo aliyezaliwa huko huko.

Kama unatafuta kisa cha mateso na wachawi na wanyama wakali basi umekosea mlango, hapa ni habari za mkaa, nauli, bando na shikamoo. Ila hivyo ndivyo vilivyotaka kuimaliza hii familia.

Walivyoondoka

Januari 2018 tuliwasindikiza Ubungo alfajiri, kwaya ilikuja na sare kabisa, makondakta wakawa wanatushangaa. Safari yenyewe ni Dar hadi Mbeya, unashuka Kasumulu, unavuka mpaka wa Songwe, unaingia Karonga halafu ndio unaanza kushuka kusini, karibu siku tatu na watoto mapajani. Binti alikuwa na miaka sita, mvulana mitatu.

Jumapili kabla ya safari tulifanya harambee ikaleta milioni kumi na nne na ushee. Mhubiri wa siku hiyo alihubiri habari za Krapf, yule mmisionari Mjerumani, kwamba alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka ule ule akazika mke na mtoto mchanga lakini hakurudi nyuma. Watu walilia, na mimi nililia. Sasa hivi nikikumbuka ile ibada najiuliza, katika watu wote tuliolia pale, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akauliza hawa wanaoondoka wana bima ya afya?

Makubaliano yalikuwa karatasi moja. Posho shilingi 650,000 kwa mwezi, likizo baada ya miaka mitatu, ripoti kila robo mwaka. Fomu ya ripoti niliichora mimi kwenye Excel na nilijisifu nayo kweli kweli: waliookoka, waliobatizwa, vikundi vya nyumbani, vijiji vilivyofikiwa, changamoto. Kisanduku cha changamoto kilitosha mistari miwili.

Na kuna kitu inabidi niseme hapa. Sisi tumezoea kupokea wamisionari, sio kutuma. Ukipita pale kanisa la Azania Front unaona jengo la Wajerumani, ukienda Bagamoyo unaambiwa mapadri walifika 1868, na hata hawa wa siku hizi tunawajua, ana gari, ana nyumba yenye uzio, watoto wana shule yao, kila baada ya miaka kadhaa anaenda kwao kupumzika. Tukajua hivyo vyote vinagharimu. Ila tulipotuma Mtanzania mwenzetu tukaona huyu ataenda tu, kule wanakula ugali kama sisi, wanafanana na sisi, atazoea. Hakuna mtu aliyesema hivyo kwa mdomo, bajeti ndio ilisema.

Maisha yenyewe kule

Miaka miwili ya kwanza Mwinjilisti aliamua kitu kimoja ambacho kilizaa matunda na kikaleta maumivu pia: nyumbani kwao ni Chichewa tu, lugha ya kule. Sababu yake ilikuwa nzuri, alisema mtu akiwa na Kiswahili cha kukimbilia hatajifunza lugha ya watu. Na kweli Chichewa kinakudanganya kwa kufanana, nyumba ni nyumba, moto ni moto, mbuzi ni mbuzi, unajiona umeshajua, kumbe "kupita" ni kwenda na "kugona" ni kulala. Kufika mwaka wa pili alikuwa anahubiri bila mkalimani. Kwenye fomu yangu hiyo ilionekana vizuri sana, vikundi vilitoka viwili vikawa saba.

Mama naye alikuwa na njia yake. Alianza kuchoma vitumbua vya mchele kibarazani, vile vya kwetu vya nazi na iliki. Kule wana zitumbuwa, lakini zao ni za ndizi mbivu na unga, kwa hiyo majirani walikuja kwanza kucheka, hivi huyu mwanamke anaita nini zitumbuwa, halafu wakaonja, halafu wakaomba kufundishwa. Alikuwa analoweka mchele usiku, asubuhi anaupeleka kusaga, na wanawake wanne watano wanakaa kwenye mkeka kusubiri kikaango kipate moto. Pale kwenye mkeka ndipo alipojua nani anapigwa, nani mtoto wake anaumwa, nani anataka kuombewa. Akawa anauza kidogo pia, hela ya sabuni na daftari.

Tulipopata habari tukamwambia aache. Sababu zetu mbili: kibali chao cha kukaa kilikuwa cha kazi ya dini, sio cha biashara, na pili (hii ndio iliyosemwa kwa sauti zaidi kwenye kikao) mmisionari hauzi vitumbua. Akaacha. Mkeka nao ukaisha, maana huwezi kuwaita watu waje kukaa tu.

Mengine ni ya kila siku. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la Kapichira na umeme ukawa wa kubahatisha muda mrefu, kwa hiyo kila kitu kikawa mkaa. Mafuta ya gari yalikuwa yanaadimika, ukitaka kwenda kijijini unasubiri daladala isiyojulikana itajaza lini. Likizo ya miaka mitatu haikufanyika kwa sababu ya corona, ikasogezwa, halafu ilipofika zamu yake sisi tulikuwa tunaezeka kanisa.

Msiba wa Agosti 2022

Jumatano usiku baba yake Mama alifariki, Temeke. Mazishi yakapangwa Jumamosi, na wazee wa familia walisema kama binti yao yuko njiani watasubiri mpaka Jumapili. Mwinjilisti akanipigia saa tano usiku kuomba nauli ya mtu mmoja. Nikamwambia nashughulikia.

Kushughulikia kwenyewe ilikuwa hivi: hela ya kamati inatoka kwa saini mbili, mwenyekiti alikuwa Dodoma, mhazini anasema bila saini hatoi, na mimi sikutoa yangu mfukoni kwa sababu nilijua kurudishiwa ni mwezi mzima. Hela ilitumwa Jumatatu.

Mama alimzika baba yake kwa wasapu. Binamu alishika simu juu ya vichwa vya watu, picha ikawa inaganda, jeneza likiwa linashushwa ikaganda kabisa ikabaki sauti tu, udongo, watu wanaimba, halafu bando la binamu likaisha. Baadaye mtu akampigia picha ukurasa wa daftari la rambirambi akamtumia, nafikiri alitaka kumfariji. Mstari wa arobaini na kitu umeandikwa jina la kanisa letu, shilingi 300,000. Ile hela ingetosha nauli yake ya kuja na chenji ingebaki.

Hakulalamika. Ripoti ya robo ile, kwenye changamoto, Mwinjilisti aliandika "tumefiwa, Mungu ametutia nguvu". Nikaijaza kwenye taarifa ya mwaka.

Kimbunga na kwacha

Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa Malawi vibaya sana, wao walipona ila ukuta wa choo ulianguka na watu wengi wa vikundi vyao walipoteza nyumba. Kanisa liliguswa, likakusanya nguo. Maroba tisa! Kuyasafirisha na basi hadi kule ilikuwa bei kuliko nguo zenyewe, na kule mitumba imejaa sokoni. Yalienda saba.

Sasa ishu ya hela, hapa naomba unisikilize vizuri maana kamati nyingi zinakosea hapa. Mei 2022 Malawi walishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25, Novemba 2023 wakashusha tena kwa asilimia 44. Mhazini wetu alifurahi, akasema kwenye kikao posho yetu sasa inanunua kwacha nyingi kuliko mwanzo, hawa watu wamepandishwa mshahara bila sisi kutoa hata senti. Kwenye karatasi ni kweli. Ila bei za unga, sukari, mkaa na nauli zilikuwa zimeruka kupita hizo kwacha zilizoongezeka, na isitoshe tulikuwa tunatuma kwa benki, kwa rate ya benki, wakati wafanyabiashara kule wanaweka bei zao wakifuata dola ya mtaani ambayo iko juu sana. Kwa hiyo anapokea kwa rate ya chini ananunua kwa rate ya juu. Huku kwetu nako mwaka huo huo dola ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Mtu mmoja kwenye kamati alishauri tumpe hela mfanyabiashara wa Kimalawi pale Kariakoo, wanakuja wengi kufunga mzigo, ndugu yake awape kwacha kule. Tulikataa, kwa sababu si halali na hakuna risiti. Uamuzi huo bado nausimamia. Ila ukikataa njia ya mkato inabidi ukubali kwamba njia halali ina gharama, uongeze posho, na sisi hatukuongeza. 650,000 ya 2018 ilikuwa ile ile 650,000 mpaka 2024.

Likizo

Walikuja Desemba 2023, karibu miaka sita toka waondoke. Walishuka stendi ya Magufuli Mbezi wakati kichwani kwao wanashuka Ubungo, Mwinjilisti akawa anamuuliza bodaboda hapa ni wapi, katika jiji alilozaliwa.

Tuliwapangia miezi mitatu, na katika hiyo Jumapili kumi na moja za kutoa ushuhuda kwenye makanisa na jumuiya, maana tulihitaji sadaka ya umisheni ya mwaka mpya. Malazi hatukuwapangia, si wana kwao. Wakalala watu watano chumba kimoja kwa mama mkwe Mbagala.

Mvulana wa pili siku ya tatu alimwambia bibi yake "ndikupita kukagona", yani naenda kulala. Bibi akasikia habari ya kupitwa, akamjibu "unipite uende wapi wewe, usiku huu?" Wote walicheka. Wiki ya tatu bibi alikuwa hacheki tena, alikuwa anamwambia mwanae, hawa wajukuu zangu nitaongea nao lini?

Lililoumiza zaidi ni la binti. Kule alikokulia mtoto wa kike akimsalimia mkubwa anapiga magoti, na yeye kila aliposogezwa kwa wamama wa kanisa alipiga magoti chini kwenye sakafu, kimya, macho chini, mikono miwili. Ila shikamoo haikuwa inamjia haraka. Mama mmoja, tena mtu wa maombi, akamsubiri, akamsubiri, halafu akasema mbele ya watu "mtoto wa mtumishi huyu hata shikamoo hana". Binti alikuwa bado yuko magotini. Alielewa kila neno, maana Kiswahili cha kusikia alikuwa nacho. Kuanzia siku hiyo ibada zilipoanza anasema tumbo linamuuma.

Machi 2024, wiki moja kabla ya tarehe ya kurudi, Mama akasema yeye harudi.

Maamuzi, na kwa nini tuliamua hivyo

Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. Wengine walisema imani ya Mama imepoa tufunge siku tatu tumuombee. Mwenyekiti akapendekeza Mwinjilisti atangulie peke yake mwaka mmoja, kazi isilale, na mimi niliunga mkono. Naandika hivyo makusudi ili ijulikane. Nilikuwa naangalia vikundi saba kwenye Excel yangu.

Aliyekataa ni mzee wa kanisa mmoja, mama nesi mstaafu. Hakutoa hotuba, alisema tu "nipeni wiki mbili nikae na mwanangu". Akaenda Mbagala, wala hakumwita ofisini. Alimkuta anachambua mchele, akavua viatu akakaa mkekani akachukua ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leta na mimi nichambue, usinipikie chai."

Alirudi mara nne. Mara ya tatu Mama akatoa daftari la shule lenye mistari aliyoandika mwenyewe, mambo kumi na saba. Nesi alipotusomea kikaoni, hakuna hata moja lililosema sitaki kumtumikia Mungu. Lilikuwepo la choo ambacho ukuta wake ulizibwa na turubai mwaka mzima. La mtoto mdogo kulazwa kwa malaria na dawa kukopwa. La vitumbua. La nane lilikuwa mstari mmoja: "Baba."

Tulichoamua kilichukua vikao vitatu. Posho tukaacha kuihesabu kwa shilingi, kila robo mwaka Mama anatutumia bei za vitu vilevile, mfuko wa unga, sukari, gunia la mkaa, nauli, ada, na mhazini anapiga hesabu kutokea hapo. Hela ya msiba na ugonjwa tukaiweka kabisa kwenye akaunti yao, wanatoa kwanza wanatuambia baadaye, na hapo ubishi ulikuwa mkali maana watu waliogopa itatumika ovyo (haijatumika ovyo). Likizo tukaihamishia Julai na Agosti, kwa sababu shule za Malawi zinaanza mwaka Septemba na kufunga Julai, sisi tuliwavuta watoto katikati ya mwaka ili tu tuwe nao Krismasi. Na ushuhuda usizidi Jumapili nne.

La binti waliamua wao, hatukuingia. Alikuwa darasa la saba kule, huku mwalimu mkuu alitaka kumrudisha la tano kwa sababu ya Kiswahili. Wakaona abaki Dar kwa shangazi, kwenye shule ya Kiingereza iliyokubali kumpokea la sita, asije akakosa kwao kabisa. Sijui kama ningeamua hivyo na mwanangu.

Matokeo

Walirudi Malawi Septemba 2024, watu wanne badala ya watano. Vikundi saba walivikuta vitatu. Kimojawapo kati ya hivyo vitatu ni cha wale wanawake wa vitumbua, walikuwa wameendelea wenyewe, wanachoma Jumamosi wanagawana hela na kuomba. Mama sasa anakaa nao mkekani bila kuuza, biashara ni ya kwao, kibali hakiguswi. Kilikuwa kitu rahisi hivyo, na sisi hatukukifikiria mwaka ule tuliposema aache.

Mwinjilisti amenenepa kidogo. Mama anampigia binti kila Jumamosi jioni, na kuna Jumamosi ambazo binti hataki kushika simu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilikuwa cha kwao, sio chetu. Lugha ilifanya kazi. Nyumba iliyo wazi kwa majirani ilifanya kazi kuliko mikutano ya nje, na hili Mwinjilisti mwenyewe anakiri kwa shida. Kwa upande wetu kilichofaa ni mtu mmoja aliyekaa chini akachambua mchele kabla ya kuuliza swali. Kama nesi angemwita Mama kwenye ofisi ya mchungaji, naamini angepata majibu yale yale ya kwenye fomu.

Kuhusu Chichewa nyumbani sina jibu la moja kwa moja. Bila ule uamuzi asingehubiri mapema vile, lakini mtoto wa miaka sita hana pa kuweka lugha mbili kama hakuna anayemsaidia, na msaada wenyewe ungekuwa kitu kidogo tu, bando la kuongea na bibi kila wiki. Hatukuliweka kwenye bajeti. Wanaotuma familia wafikirie hilo kabla ya maspika na projekta.

Kosa letu kubwa nadhani ni kuona nyumba ya mmisionari kama kitu cha pembeni ya kazi. Fomu ilikuwa inauliza ametoa nini, haikuwa na pa kuandika amekula nini, na yeye kwa sababu ni mtumishi mwaminifu alijaza tulichouliza. Zile saini mbili zilikuwa ulinzi mzuri wa sadaka na sisemi zifutwe, ila ulinzi unaofanya kazi siku ya Jumatatu kwa msiba wa Jumatano haumsaidii mtu. Na likizo tuliifanya harambee. Mtu amerudi amechoka, tunampa maiki.

Kuna mwenzangu kwenye kamati bado anashikilia kwamba tumelea udhaifu, kwamba Krapf hakuwa na akaunti ya dharura. Tumebishana mara nyingi, sijamshinda. Ila fomu nimeibadilisha, sasa mistari ya kwanza minane ni ya nyumbani, na ya kubatizwa iko chini. Robo iliyopita Mama ndiye aliyejaza, aliandika mkaa umepanda, mdogo ameota meno ya mbele, choo kina ukuta.

Yale maroba mawili yaliyobaki bado yapo stoo nyuma ya jukwaa la kwaya. Tumeyataja kwenye vikao vitatu, hakuna aliyejitolea kuyafungua.